Mchungaji Hasimami Kwenye Mlolongo

Agosti 1986 chama cha KANU kiliamua kwamba katika kura za mchujo Wakenya hawatatumbukiza tena karatasi kwenye sanduku. Wangesimama foleni nyuma ya mgombea au wakala aliyebeba picha yake, mchana kweupe, mbele ya chifu, jirani na mwajiri. Utaratibu huo uliitwa mlolongo. Chama kilikuwa kimoja tu nchini, na mgombea aliyepata zaidi ya asilimia 70 kwenye mchujo alihesabiwa kuwa amepita bila kupingwa. Kwa hiyo mahali pengi foleni ndiyo iliyokuwa uchaguzi wenyewe, na kura ya siri haikufika.

Mwezi huohuo wachungaji waliokutana chini ya Baraza la Kitaifa la Makanisa ya Kenya (NCCK) walikataa. Hoja yao ilikuwa nyepesi kueleza na nzito kuijibu. Mchungaji analea waumini wa mgombea huyu na wa yule. Siku atakapoonekana amesimama nyuma ya picha moja, wale wa foleni ya pili watajua mahali alipo moyo wake, na atakapowaendea wakiwa na msiba au ugomvi wa shamba, watamwona wakala. Hawakudai kwamba mchungaji asiwe na chaguo. Walidai chaguo lake libaki siri, kwa sababu kazi yake haiendi bila imani ya pande zote.

Hoja hiyo ya 1986 ndiyo kipimo bora tulicho nacho cha wajibu wa Mkristo kwa taifa lake wakati wa machafuko. Katika miaka takriban 40 iliyofuata, makanisa ya Kenya yamesikilizwa kila yalipoikumbuka na yakapuuzwa kila yalipoisahau. Sauti ya kanisa siku ya ghasia hutegemea jinsi lilivyojitunza siku za utulivu: limekula na nani, limemkabidhi nani kipaza sauti, na mgeni wa kabila lingine ameketi wapi ibadani. Tamko kali lililoandikwa siku moja baada ya risasi kulia haliwezi kurudisha imani iliyotumika miaka mitano kabla yake.

Uchaguzi wa 1988 ulithibitisha hofu ya wachungaji. Sehemu nyingi wenye foleni fupi walitangazwa washindi, na hapakuwa na karatasi za kuhesabiwa upya. Jarida la Beyond, lililochapishwa na NCCK, liliandika kuhusu udanganyifu huo; likapigwa marufuku na mhariri wake, Bedan Mbugua, akafungwa. Askofu David Gitari wa Kanisa la Anglikana, ambaye dayosisi yake ilikuwa eneo la Mlima Kenya, alihubiri dhidi ya wizi wa kura akifafanua Maandiko mstari kwa mstari, pamoja na kisa cha Nabothi aliyenyang'anywa shamba la mizabibu na mfalme. Aprili 1989 wavamizi waliizingira nyumba yake usiku. Alipanda juu ya paa, akapiga kelele, na majirani wakaja kumwokoa. Siku ya Mwaka Mpya 1990, Timothy Njoya wa Kanisa la Presbiteri alihubiri jijini Nairobi kwamba tawala za chama kimoja zilizoanguka Ulaya Mashariki zilikuwa onyo kwa Afrika. Henry Okullu, askofu wa Maseno Kusini, alitaka vyama vingi viruhusiwe na mihula ya rais iwekewe kikomo. Agosti mwaka huohuo Alexander Muge, askofu wa Eldoret, alionywa na waziri Peter Okondo asikanyage Busia, akaambiwa huenda asitoke hai. Alikwenda. Tarehe 14 Agosti, akirudi, gari lake liligongana na lori la maziwa, akafa. Okondo alijiuzulu.

Inafaa kuuliza kwa nini wanaume hao walisikilizwa ilhali mawakili na wabunge wa zamani waliosema maneno hayohayo waliishia kizuizini. Ujasiri ni sehemu tu ya jibu. Sehemu kubwa ni muundo. Askofu wa Kianglikana huchaguliwa na vyombo vya kanisa lake, na serikali haiwezi kumfuta kazi. Mshahara wake hautoki hazina ya taifa. Kila Jumapili ana watu waliokusanyika bila kuhitaji kibali cha mkuu wa wilaya, katika nchi ambako mkutano wowote mwingine ulihitaji leseni. Ana wachungaji na wazee wa kanisa katika kila kata, hivyo habari za kijiji humfikia kabla ya kuhaririwa na mtu yeyote. Kwa kuwa lugha yake ni ile ya Biblia, mtawala anayemkamata hulazimika kuwaeleza waumini wake mwenyewe kosa lililomo katika kisa cha Nabothi.

Muundo huohuo haukutosha kwa wote. Africa Inland Church, kanisa alimosali Rais Moi, lilijitoa katika NCCK baada ya mgogoro wa mlolongo. Kila Jumapili taarifa ya habari ya serikali ilimwonyesha rais akiingia na kutoka ibadani. Makanisa kadhaa yaliona kwamba kutii mamlaka ndilo jibu kamili la Mkristo, yakitegemea sura ya 13 ya Waraka kwa Warumi, ambapo Paulo anawataka waumini wawatii wenye mamlaka kwa kuwa mamlaka yametoka kwa Mungu.

Sura hiyo inastahili kusomwa hadi mwisho wa hoja yake. Paulo hamwelezi mtawala kama mwenye mali. Anamweleza kama mtumishi, na anautaja utumishi huo kuwa ni kwa ajili ya mema ya watu. Anayetumikia ana aliyemtuma na ana kazi aliyopewa, hivyo anaweza kupimwa. Katika Kenya ya leo kipimo hicho kimeandikwa. Kifungu cha 1 cha Katiba ya 2010 kinasema mamlaka yote kuu ni ya watu. Kifungu cha 3 kinamtwika kila mtu wajibu wa kuiheshimu, kuidumisha na kuitetea Katiba. Kifungu cha 37 kinampa kila mtu haki ya kukusanyika, kuandamana na kuwasilisha malalamiko kwa amani na bila silaha. Mkristo anayebeba bango barabarani akiwa mikono mitupu anayatii mamlaka ya juu kuliko ya afisa anayemfukuza. Anayerusha jiwe dukani ameyaacha mamlaka hayohayo. Kanisa linalosoma Warumi 13 kwa kijana peke yake, bila kumsomea waziri na mkuu wa polisi, limesoma nusu ya sura.

Wakati wa mapigano ya kikabila ya Bonde la Ufa mwanzoni mwa miaka ya 1990, makanisa yalijifunza kazi nyingine ya uraia ambayo haina mvuto wa mahubiri: kuweka kumbukumbu. Serikali ilisema ni ugomvi wa kawaida wa ardhi. Askofu Mkatoliki wa Nakuru, Ndingi Mwana a'Nzeki, ambaye eneo lake lilihusisha Molo, alikataa maelezo hayo kwa sababu waliochomewa nyumba walikuwa waumini wake na walikimbilia kwenye viwanja vya misheni zake. NCCK lilikusanya ushahidi na mwaka 1992 likachapisha ripoti iliyosema ghasia zilipangwa. Mwaka huohuo kamati ya bunge iliyoongozwa na Kennedy Kiliku, bunge lililojaa wanachama wa KANU watupu, ilifikia matokeo yanayofanana na kuwataja wanasiasa na maafisa wa utawala. Ripoti hizo hazikumfikisha mkubwa yeyote gerezani. Hata hivyo zilizuia uongo kuwa historia rasmi. Kwa mjane ambaye mume wake aliitwa mhanga wa ugomvi wa mipaka, hilo si jambo dogo.

Baada ya hapo ikaja miaka ya kutafuta katiba. Desemba 1999 viongozi wa Kikristo waliungana na Waislamu na Wahindu katika jumba la Ufungamano, Nairobi, wakaanzisha tume ya wananchi sambamba na ile ya serikali, hadi tume hizo mbili zikaunganishwa mwaka 2001 chini ya Profesa Yash Pal Ghai. Mwaka 2002 KANU ikashindwa. Ushindi huo ulileta hatari ambayo wachache waliiona: marafiki wa maaskofu sasa walikuwa Ikulu. Sauti iliyozoea kusema kutoka nje ikaalikwa ndani, na ikapungua ukali.

Kufikia 2007 wachungaji walikuwa wamesimama kwenye mlolongo kwa hiari yao. Hakuna sheria iliyowalazimisha. Wengine walimwombea mgombea mmoja kwa jina na kumtabiria ushindi, wengine walimwombea mpinzani wake, na ramani ya maombi hayo ilifanana na ramani ya makabila. Mjadala wa majimbo, yaani kugawa madaraka kwa maeneo, ulikuwa swali halali la kisiasa, lakini viongozi wa dini walilijibu kwa namna iliyowafanya waumini kujua askofu anatoka wapi kabla hajamaliza sentensi. Matokeo yalipotangazwa tarehe 30 Desemba na nchi ikawaka, hapakubaki kiongozi wa kanisa ambaye pande zote mbili zingemwita msuluhishi. Tume iliyoongozwa na Jaji Philip Waki ilihesabu watu 1,133 waliouawa. Tarehe 1 Januari 2008, huko Kiambaa karibu na Eldoret, kanisa walimojificha watu waliokimbia mashambulizi lilichomwa moto. Wengi wa waliokufa walikuwa wanawake na watoto. Usuluhishi ulibidi utoke nje, kwa Kofi Annan na jopo la Umoja wa Afrika.

Februari 2008 NCCK liliomba msamaha hadharani. Lilikiri kwamba viongozi wa kanisa walichukua upande, walisema kwa sauti za makabila yao na walishindwa kuwaongoza waumini. Taasisi chache za Kenya zimewahi kufanya hivyo kuhusu 2007. Maneno ya wachungaji wa 1986 yalikuwa yametimia kwa njia ya kusikitisha: aliyeonekana nyuma ya picha moja hakuweza tena kuwa mchungaji wa wote.

Kilometa chache kutoka Kiambaa, mjini Eldoret, mambo yalikwenda kwa namna nyingine. Uwanja wa Kanisa Kuu la Moyo Mtakatifu ulijaa maelfu ya watu, wengi Wakikuyu waliofukuzwa mashambani. Askofu Mkatoliki Cornelius Korir aliwafungulia lango. Yeye alikuwa Mkalenjin, na waliokuwa wakiwawinda watu hao walitoka katika jamii yake. Asingeweza kufanya hivyo kwa mara ya kwanza siku hiyo na kufaulu. Alikuwa ameiongoza dayosisi tangu 1990, akapitia ghasia za 1992 na 1997, na tangu wakati huo alikuwa akijenga utaratibu wa upatanisho wa vijijini ambao baadaye ulielezwa katika kitabu kiitwacho Amani Mashinani.

Utaratibu huo hauanzi na mkutano mkubwa wa hadhara ambapo wazee wa makabila mawili hushikana mikono mbele ya kamera. Mkutano wa namna hiyo ukija mapema huwapa wenye chuki jukwaa, na wenye haya huwafunga midomo. Korir alianza na watu wachache wa jamii moja, wakizungumza wao kwa wao juu ya waliyotenda na waliyotendewa. Kila upande hubeba kwanza malalamiko yake ndani ya nyumba yake, ambako mzee anaweza kumwambia kijana wake kwamba ng'ombe waliopo zizini si wao. Baada ya hapo wajumbe wachache wa pande mbili hukutana, mara nyingi wakila pamoja, kwa kuwa ni vigumu kumtukana mtu uliyemega naye ugali mchana huo. Mikutano hupanuka polepole. Makubaliano huandikwa: nani arudi shambani, nani amsindikize, mali gani irudishwe, nani aitwe kukiwa na tetesi ya shambulio. Kisha jamii hizo hupewa kazi inayohitaji pande zote mbili ili ikamilike, kama barabara, shule au josho la ng'ombe. Josho likiharibika, ng'ombe wa wote huugua kupe, hivyo kila mmoja ana sababu ya kulilinda ambayo haitegemei wema wake.

Kuna mambo mawili ya kuzingatia hapa. La kwanza ni kwamba kazi hiyo ni ya kisiasa kabisa, ingawa haimtaji mwanasiasa. Mwanasiasa anayetegemea hofu ya jirani hupoteza mtaji pale jirani anapokuwa mshirika wa josho. La pili ni kwamba haiwezekani bila watu walioko mashinani siku zote: makatekista, viongozi wa jumuiya ndogondogo, akina mama wa kanisa wanaojua binti wa nani aliolewa upande gani. Serikali haina mtandao huo. Shirika la misaada linalofika na mahema halina pia. Kanisa linao, na linapousahau ili kuandaa kikao na waandishi wa habari, linaacha silaha yake iliyo bora.

Baada ya 2008 mlolongo ulibadilika sura, ukawa wa fedha. Mwaka 2010 makanisa mengi yalipinga Katiba mpya kwa sababu ya vifungu kuhusu uavyaji mimba na mahakama za Kadhi, na takriban asilimia 67 ya wapiga kura wakaikubali. Katika nchi ambayo wengi wa watu wake ni Wakristo, idadi hiyo ilionyesha kwamba waumini walikuwa wameanza kuamua bila kuwauliza makasisi. Wakati huohuo harambee za kanisa zilikua. Mwanasiasa hufika kwa msafara, huketi kiti cha mbele, hutoa mamilioni ya paa au basi, kisha hukabidhiwa kipaza sauti, na anachosema hapo ni hotuba ya kampeni. Kila upande hupata ulichotaka. Muumini aliyetoa shilingi hamsini za sadaka hajaulizwa kama anataka paa lake lijengwe na fedha ambazo chanzo chake hakijulikani.

Maaskofu wamejaribu kulifunga lango hilo. Septemba 2021, huko Butere, wakati wa kuwekwa wakfu kwa Rose Okeno, mwanamke wa kwanza kuwa askofu wa dayosisi ya Anglikana nchini Kenya, Askofu Mkuu Jackson Ole Sapit aliwazuia wanasiasa waliokuwapo kuhutubia na akatangaza kwamba mimbari si yao. Agizo hilo lilifuatwa na wengi, si na wote.

Kisha ikaja Juni 2024. Vijana wa Gen Z waliingia barabarani kupinga Mswada wa Fedha, wakiwa hawana chama wala mfadhili. Tarehe 25 waandamanaji waliingia bungeni na polisi wakafyatua risasi. Siku iliyofuata Rais William Ruto alisema hatautia sahihi mswada huo. Katika miezi iliyofuata Tume ya Kitaifa ya Haki za Kibinadamu ilihesabu watu wasiopungua 60 waliouawa katika maandamano. Jambo lililowashtua viongozi wa dini ni kwamba hasira ya vijana haikuishia kwa wabunge. Waliyataka makanisa yaache kupokea fedha za wanasiasa, na wengine walitangaza kwamba Jumapili wangekwenda ibadani kuwazuia wanasiasa kuhutubia. Wengi wao walikuwa watoto wa makanisa hayohayo, waliolelewa katika shule za Jumapili. Walikuwa wakiyaambia makanisa yale ambayo wachungaji waliiambia KANU mwaka 1986.

Jibu lilikuja Novemba. Baraza la Maaskofu Katoliki lilitoa tamko likiilaumu serikali kwa uongo, utekaji nyara na kodi. Siku chache baadaye rais alihudhuria misa katika kanisa la Soweto, Nairobi, akatoa michango ya fedha na kuahidi basi la parokia. Askofu Mkuu Philip Anyolo aliagiza fedha hizo zirudishwe. Kwa kitendo hicho kimoja tamko la maaskofu lilipata uzito ambao kurasa kumi za maneno zisingeupata, kwa kuwa lilikuwa limelipiwa gharama. Machi 2025 rais aliahidi shilingi milioni 20 kwa kanisa moja la Roysambu, na Jumapili iliyofuata vijana waliandamana nje yake huku polisi wakirusha vitoa machozi. Makanisa yasiyo na askofu wala sinodi ya kumwajibisha mchungaji ndiyo yaliyo rahisi zaidi kununuliwa, na idadi yao inaongezeka.

Lakini kuyazungumzia makanisa kana kwamba ni maaskofu tu ni kukosea. Sensa ya 2019 ilionyesha kwamba zaidi ya asilimia 85 ya Wakenya ni Wakristo. Maana yake ni kwamba siku ya maandamano, aliyebeba bango, aliyebeba bunduki, mbunge aliyepiga kura ya ndiyo na karani aliyeandika mswada huenda wote walipokea meza ya Bwana mwezi huo. Jedwali la Sita la Sheria ya Huduma ya Taifa ya Polisi linaruhusu silaha ya moto itumike pale tu njia nyingine zinaposhindwa na kwa madhumuni machache, likianza na kulinda maisha, na linasema wazi kwamba amri ya mkubwa si kisingizio cha kutumia nguvu kinyume cha sheria. Polisi Mkristo ana sheria na dhamiri upande mmoja. Nani amewahi kumhubiria hivyo, kwa utulivu, Jumapili ya kawaida ambapo hakuna moshi mjini? Mafundisho ya kipaimara yanamwandaa kijana kupinga dhambi nyingi. Yanastahili kumwandaa pia kwa siku atakayoamriwa kumpiga risasi mgongoni mtu anayekimbia, na kwa siku atakayoombwa kubadilisha takwimu katika fomu ya matokeo ya kituo cha kura.

Hapo ndipo wajibu wa raia unapokutana na imani kwa uhalisi wake: kwa karani wa uchaguzi anayekataa bahasha, kwa daktari anayeandika sababu ya kweli ya kifo, kwa shahidi anayefika mahakamani. Mtu peke yake huvunjika katika nafasi hizo. Anahitaji jumuiya itakayomlipia wakili, itakayowalisha watoto wake akisimamishwa kazi, itakayomsindikiza hadi kizimbani. Kanisa linaloomba haki bila kuwa na mfuko wa kuwabeba waumini watakaoitenda linawatwika mzigo lisiougusa kwa kidole.

Uchaguzi mkuu ujao wa Kenya ni tarehe 10 Agosti 2027. Kila halmashauri ya kanisa inaweza sasa kuandika na kubandika mlangoni masharti yake: hakuna mwanasiasa atakayeshika kipaza sauti, kila mchango utasomwa kwa jina na kiasi, hakuna mgombea atakayeombewa ushindi, na lango litafunguliwa kwa yeyote atakayekimbia, awe wa kabila lolote. Masharti hayo yakiandikwa baada ya kampeni kuanza, kila mgombea atadhani yameandikwa dhidi yake. Yaandikwe sasa.